Kukimbia kwenye kantri paki za Uingereza: msitu kwanza, maji baadaye (mwongozo kamili)

Wengi wakifika kantri paki (maeneo ya wazi ya umma, mengi yako pembeni ya miji) wanabonyeza kitufe cha kuanza kwenye saa, wanafuata njia pana ya kwanza waliyoiona mpaka kilomita zitimie nusu, halafu wanageuza. Sio mbaya, jasho litatoka. Ila ukitaka hizi sehemu zikupe mbio nzuri wiki baada ya wiki bila kuteguka kifundo na bila kukuta gari lako limefungiwa ndani ya geti, panga njia yako kwa kuangalia ardhi kwanza, kilomita zije baadaye. Na kanuni yangu ni moja tu: kipande cha msitu kiwe mwanzo ukiwa bado freshi, kipande cha maji kiwe cha kurudia. Huko chini ntaeleza kwa nini, na lini uigeuze.

Kidogo kuhusu hizi paki zenyewe maana inasaidia. Kantri paki zilikuja na sheria ya mwaka 1968 inayoitwa Countryside Act, iliyozipa halmashauri za England na Wales uwezo wa kutenga maeneo ya wazi ili watu wa mjini wapate pa kupumulia bila kusafiri mbali. Ndio maana nyingi ziko pembeni pembeni ya miji, na nyingi zilikuwa na kazi nyingine kabla. Rother Valley Country Park ilikuwa machimbo ya makaa ya mawe, Wirral Country Park imefuata reli ya zamani iliyokufa, zingine zilikuwa mashimo ya kokoto yaliyojaa maji au shamba la bwana mkubwa fulani. Kwa mkimbiaji hii historia ina maana kabisa, njia iliyokuwa reli itakuwa imenyooka na mwinuko wake ni mpole sana kwa sababu treni haziwezi vilima vikali, ziwa la kokoto litakupa mzunguko tambarare ila kingo zake zinaweza kushuka ghafla na maji ni ya baridi kali, na shamba la zamani mara nyingi lina miti mikubwa mizee yenye mizizi ya kila aina.

Hatua ya 1: Soma ramani kabla ya kuvaa raba

Ubao wa ramani pale pakingi upige picha, lakini usiutegemee peke yake, nyingi zimechorwa kwa kupendeza tu, vipimo vyake sio vya kuamini. Ramani ya kazi ni ile ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, aina ya Explorer, ya 1:25,000, yaani sentimita 4 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Ipo ya karatasi na ipo kwenye simu. Angalia vitu vitatu: njia za umma (zimechorwa kwa vistari vya kijani), mistari ya mwinuko, na maji yako upande gani. Mistari ya mwinuko kwenye nyanda za chini mara nyingi inatofautiana mita 5, ukiona imebanana ujue hapo utatembea, hamna aibu. Mfereji nao unajieleza wenyewe, njia yake inakaa tambarare mpaka ifike kwenye loki, yaani yale mageti ya kupandishia na kushushia boti, kwahiyo ukihesabu loki kwenye ramani ushajua una vilima vingapi.

Ukiwa njiani utaona mishale kwenye nguzo na mageti. Kwa England na Wales wa njano ni njia ya watembea kwa miguu, wa bluu ni ya watu, farasi na baiskeli, wa zambarau unaongeza mikokoteni ya kukokotwa, mwekundu hata magari yanaruhusiwa. Usichanganye hiyo na rangi za paki yenyewe, maana paki nyingi zina nguzo zake za rangi kuonyesha mizunguko yao na hapo nyekundu inaweza kuwa ni mzunguko mfupi wa familia tu. Scotland mfumo ni mwingine, kule tangu sheria ya mwaka 2003 una haki ya kupita sehemu nyingi sana mradi ufanye kwa busara.

Kwa mimi mshale wa bluu unaniambia kitu kingine pia: farasi wamepita hapo. Kipindi cha mvua kwato zinageuza njia kuwa tope zito lenye mashimo, yakikauka mashimo yanakuwa magumu na ndio yanayotegua watu. Kwahiyo njia ya bluu ndani ya msitu naipa heshima kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3.

Hatua ya 2: Chora namba nane

Duara moja kubwa lina tatizo, ukichoka katikati uko mbali na kila kitu. Nenda-rudi inachosha akili. Namba nane ndio mpango: pakingi iwe katikati au karibu na katikati, kitanzi cha kwanza kipite msituni, kitanzi cha pili kiwe cha maji. Ukimaliza kitanzi cha kwanza unapita karibu na gari, unakunywa maji, unavua koti, au unaacha hapo hapo kama goti linaongea.

Kwa nini msitu kwanza? Msituni kila hatua ni uamuzi, mzizi huu, jiwe lile, tawi la usawa wa paji la uso, na ukishachoka miguu hainyanyuki vizuri, unaburuza kidogo na hapo ndipo vidole vinapata mzizi. Watu wanaanguka zaidi mwishoni wakishachoka. Kando ya mfereji hata ukichoka ardhi inakubeba, unaweka mwendo wako na kurudi. Pia mwanga, msituni giza linaingia mapema kuliko nje, wakati juu ya maji mwanga unabaki. Geuza mpango huu kama unatoka asubuhi kabla jua halijapanda vizuri, hapo anza na maji usubiri msitu upate mwanga, au kama mto uko juu na unataka kwenda kuuangalia mapema kabla hujajipangia kilomita 5 za kurudia pembeni yake.

Halafu piga hesabu ya muda kwa vipande, usipige kwa kilomita zote pamoja. Tuseme mwendo wako wa barabarani ni 6:30 kwa kilomita na njia yako ni kilomita 10: msitu 4, mfereji 5, na kilomita 1 ya kuunganisha yenye kilima. Msituni jipe 8:00, hiyo ni dakika 32. Mfereji 6:30 mara 5, dakika 32 na nusu. Kiunganishi 7:00. Jumla ni saa 1 na dakika 11 na nusu, wakati kwa hesabu ya barabarani ungesema saa 1 na dakika 5. Tofauti inaonekana ndogo, ila mwezi wa 12 hiyo ni tofauti ya mwanga na giza. Na saa yako ya GPS msituni itakudanganya, majani na vigogo vinasumbua mawimbi ya satelaiti, inakata kona na kukupa umbali mfupi, mwendo nao unarukaruka hovyo. Usiikimbize. Kimbia kwa pumzi, kama unaweza kuongea sentensi nzima uko sawa.

Kama hujui pa kuanzia kabisa na unataka kujifunza paki bila kuwaza, angalia kama ina parkrun. Ni kilomita 5, bure, kila Jumamosi, England ni saa 3 asubuhi, kuna watu wa kujitolea kwenye kila kona na unajiandikisha mara moja tu. Ilianza Bushy Park mwaka 2004 na sasa kantri paki nyingi zinayo. Kimbia mara moja, ushajua kilima kiko wapi, tope liko wapi na choo kiko wapi, basi wiki inayofuata unachora yako.

Hatua ya 3: Geti, pakingi na saa za mwanga

Kuingia kwa miguu kwa kawaida ni bure, pakingi mara nyingi inalipiwa. Hilo dogo. Kubwa ni geti. Paki nyingi zinafunga geti la magari jua likizama, na muda huo unabadilika mwezi hadi mwezi, umebandikwa kwenye kibao pale mlangoni ambacho kila mtu anakipita bila kukisoma. Mwishoni mwa mwezi wa 12 London jua linachomoza saa 2 asubuhi na dakika kama 5 na linazama kabla ya saa 10 jioni, huko kaskazini mwanga wa jioni unaisha mapema zaidi. Mwezi wa 6 una mwanga mpaka saa 3 usiku na zaidi. Kwahiyo soma kibao, toa dakika 30 za usalama, na kama hesabu inabana egesha gari barabarani nje ya geti pale panaporuhusiwa.

Hatua ya 4: Angalia upepo na mto, mvua baadaye

Mvua yenyewe haina shida. Upepo ndio unaofunga msitu. Met Office (idara ya hali ya hewa ya Uingereza) wakitoa onyo la upepo, la njano, la rangi ya chungwa au jekundu, siku hiyo kimbia sehemu ya wazi, na siku inayofuata pia uwe makini maana matawi yaliyovunjika bado yananing'inia juu. Kuna suala la miti inayoitwa ash pia, inaugua ugonjwa wa kuvu uliogundulika Uingereza mwaka 2012, inakufa taratibu na mbao yake inakuwa kavu inayokatika bila taarifa, ndio maana unakuta njia imefungwa kwa utepe wakikata miti. Utepe ukiuona geuza, usiuruke.

Mto nao una tabia ya kuchelewa. Mvua ya jana kule juu inafika kwako leo kukiwa na jua zuri. Taarifa za viwango vya mito na maonyo ya mafuriko ziko mtandaoni bure kwenye tovuti ya serikali, angalia asubuhi ile ile. Mfereji ni mtulivu zaidi kuliko mto kwa kuwa maji yake yanaongozwa, ila kuna sehemu mto na mfereji vinaungana na hapo njia inazama. Njia ikiwa chini ya maji ya kahawia usiingie, hata kama ni ya kifundo tu, huoni ukingo uko wapi.

Hatua ya 5: Raba na vitu vya kubeba

Hapa watu wanatumia hela nyingi bila sababu. Kiangazi njia nyingi za kantri paki ni kokoto zilizoshindiliwa, raba zako za barabarani zinatosha kabisa. Tope likianza, tafuta raba za njia za porini zenye meno ya milimita 4 hivi, zinafanya kazi msituni na hazikuumizi ukifika kwenye lami ya mfereji. Zile za meno marefu ya milimita 6 mpaka 8 ni za tope la kweli, kwenye ardhi ngumu zinachosha. Na kumbuka meno hayasaidii kitu juu ya ubao uliolowa wala jiwe lenye ukoko wa kijani, hapo unafupisha hatua tu, unaweka mguu wote chini na hupindi ghafla. Madaraja mengi ya mbao yamepigiliwa waya wa wavu au vipande vya kwaruzo, kanyaga hapo.

Beba simu yenye chaji, ramani iliyopakuliwa (msituni mtandao unakatika), filimbi, na taa ya kichwani kuanzia mwezi wa 10 hata kama unatoka mchana. Soksi ndefu kiangazi, kwa ajili ya kupe na yale majani yanayowasha. Hedifoni mi naziacha garini kwa kipande cha maji, sababu utaiona.

Hatua ya 6: Ndani ya msitu

Macho yawe mbele mita 4 au 5, usitazame vidole vya miguu. Ubongo unaona mzizi, unaukumbuka, na mguu unafika ukijua. Ukitazama chini kabisa kila kitu kinakuja kwa kushtukiza. Fupisha hatua, nyanyua magoti kidogo kuliko barabarani, mikono iachie iende pembeni ikusaidie mizani. Kushuka usijivute nyuma na kufunga breki kwa visigino kwenye tope, utakaa chini, tia hatua ndogo ndogo za haraka.

Vuli majani yaliyoanguka yanafunika kila kitu, na mzizi uliolowa chini ya majani unateleza kuliko barafu ya kuonekana. Mzizi unaoupita kwa mshazari ndio mbaya zaidi, uvuke kwa kuukata msalaba au uruke kabisa. Tope likiwa katikati ya njia pita katikati, ndio, lowa. Kila mtu akizunguka pembeni njia inapanuka mwaka hadi mwaka na mimea ya pembeni inakufa. Hasa mwezi wa 4 na wa 5 yale maua ya bluebell yakitandika chini ya miti, yakikanyagwa yanachukua miaka kurudi.

Kwenye kila njia panda geuka nyuma sekunde moja utazame ulikotoka. Msitu ukirudi nao unaonekana mwingine kabisa, na hako kasekunde ndiko kanakokurudisha kwenye gari.

Hatua ya 7: Kando ya maji

Njia ya pembeni ya mfereji haikujengwa kwa ajili ya mkimbiaji, ilijengwa kwa farasi aliyekuwa anavuta boti kwa kamba. Ukifika kwenye daraja la zamani tazama kona ya upinde wake, usawa wa kiuno, utaona mifereji mifereji imechimbika kwenye jiwe au kwenye chuma kilichowekwa kulilinda, ni kamba za miaka na miaka zimelikata. Simama uguse, inastahili. Ila ndio maana pia chini ya daraja njia ni nyembamba, inapinda na huoni anayekuja: dari iko chini, baiskeli inatokea, na upande mmoja ni maji. Hapo ndipo hedifoni zinapoumiza watu. Punguza mwendo, sema "halo" kwa sauti kabla hujaingia, ukiwa na mwenzako mpite mmoja mmoja. Wanaosimamia mifereji mingi ya England na Wales ni Canal & River Trust, shirika la hisani lililoanza kazi mwaka 2012, na kanuni yao ni kwamba anayetembea kwa miguu ana kipaumbele. Na wewe ukimpita bibi na mjukuu wake wewe ndio mwenye mwendo, kwahiyo wewe ndio wa kupunguza.

Kwenye loki njia inapanda ghafla na mara nyingi imewekwa matofali yaliyoinuka mstari mstari ili kwato zisiteleze. Kwa raba yanategua, kanyaga katikati ya mistari. Usikatize juu ya mageti ya loki ukikimbia hata kama yana kijinjia cha kupitia, ubao umelowa na chini ni shimo la kuta zilizosimama wima. Boti zilizofungwa zina kamba na vigingi vya chuma ukingoni, kwahiyo kimbia upande wa ndani, mbali na maji. Kiangazi kuna mahali magugumaji madogo ya kijani yanafunika mfereji wote mpaka unafanana na nyasi zilizokatwa vizuri, mbwa na watoto wanaingia wakidhani ni uwanja. Mtoto akiwa na wewe mshike mkono.

Madaraja yana namba kwenye kibao kidogo. Zitumie kama alama za mazoezi, kutoka daraja hili mpaka lile haraka, linalofuata taratibu, huhitaji hata kutazama saa. Na ukipata shida namba ya daraja ndio anwani yako.

Hatua ya 8: Farasi, ng'ombe, mbwa na batamaji

Farasi ukimkuta acha kukimbia, tembea, ongea na aliyempanda ili farasi asikie kuwa wewe ni mtu, mpite kwa mbali. Ng'ombe wapo kwenye baadhi ya paki wanalisha nyasi, wakiwa na ndama zunguka mbali na usipite katikati ya mama na mtoto. Mbwa wengi wanakukimbilia kwa kucheza, simama, mikono chini, subiri mwenyewe amuite. Batamaji wale weupe wakubwa kipindi cha viota, mwezi wa 4 mpaka wa 6, dume linalinda njia kabisa, mbawa juu na shingo nyuma, hapo tembea upande wa mbali, usimpungie mikono.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Namba ni 999 au 112. Ukiwa nyumbani leo tuma neno register kwenda 999, ukishajiandikisha utaweza kuomba msaada kwa meseji pale ambapo mtandao hautoshi kupiga. Mahali ulipo wape kwa namba za gridi kutoka kwenye ramani, au namba ya daraja, au jina la pakingi.

Mtu akiwa majini usimfuate, hata kama unajua kuogelea. Piga 999, kwa mto, ziwa au mfereji omba zimamoto, mtupie boya au kitu chochote kinachoelea, mwambie alale chali. Wewe ukidondoka ni hivyo hivyo: baridi itakukata pumzi na mwili utataka kupigapiga, usipigane, lala chali masikio ndani ya maji, elea mpaka pumzi irudi, kwa kawaida ni dakika moja au mbili za mwanzo, halafu ndio utafute ukingo au upige kelele.

Hatua ya 10: Ukishafika nyumbani

Sugua tope lote kwenye raba na uzikaushe kabla ya kwenda paki nyingine, tope linabeba mbegu na magonjwa ya miti. Ukiwa na mchubuko uliogusa maji ya mfereji uoshe kwa sabuni na maji safi, mkojo wa panya kwenye maji unaleta bakteria wa ugonjwa wanaoitwa leptospira. Ukipata homa kama ya mafua siku au wiki chache baadaye mwambie daktari kwamba uligusa maji ya mfereji.

Halafu kupe, na hii fanya kila mara kuanzia masika mpaka vuli. Wanakaa kwenye nyasi ndefu na majani pembeni ya njia wanasubiri mguu upite. Mdogo wao ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta na akikuuma hupati maumivu, hutamsikia. Kagua nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kiunoni penye lastiki, na kwenye nywele. Ukimkuta tumia kibano chenye ncha nyembamba au kile kifaa maalum cha kupe, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute juu taratibu kwa mkono uliotulia bila kumminya, osha kwa dawa au sabuni. Hamna kumchoma kwa kiberiti wala kumpaka mafuta. Andika tarehe kwenye simu. Ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe, dalili yake kubwa ni alama ya mviringo inayotanuka, kwa kawaida wiki 1 mpaka 4 baada ya kuumwa na inaweza kuchelewa mpaka miezi 3, ila sisi wenye ngozi nyeusi ile alama inaweza isionekane kirahisi, kwahiyo usiingoje iwe nyekundu kama ya kwenye picha. Tazama kwenye mwanga mzuri, gusa kama kuna joto au ngozi imebadilika, na homa, uchovu na maumivu ya viungo vikija nenda kwa daktari useme tarehe na useme ulikimbia msituni. Antibayotiki zinafanya kazi vizuri ukiwahi.